TAHADHARI: Maji ya kutoa mekapu ya kupima, "maalum kwa ngozi yenye mzio"

Wenye ngozi inayowasha kwa kitu kidogo, na nyinyi wapambaji mnaohudumia maharusi wa aina hiyo, shikeni pesa zenu kwanza. Kuna muuzaji anayetembeza mtandaoni maji ya misela, yale ya kutolea mekapu, tena ya kupima, yaani ya kumiminwa kutoka kwenye mtungi mkubwa, akidai stoo yake iko katikati ya jiji la Nairobi karibu na River Road. Stoo hiyo haonyeshwi mtu. Bidhaa huletwa na boda, au huachwa kwenye ofisi ya matatu ukaichukulie huko. Anawalenga hasa watu wa mzio, na hilo ndilo linaloudhi zaidi, kwa sababu hao ndio wa mwisho wanaofaa kuuziwa kitu cha kupima.

Chupa ni nyeupe, ya mililita 500, na bei ni shilingi 350. Kibandiko ni karatasi ya kawaida iliyopigwa printa, na ukiigusa kwa kidole chenye maji wino unaenea. Mbele kumeandikwa kwamba ni ya ngozi laini, haina kemikali, haina mzio. Nyuma hakuna orodha ya viungo, hakuna namba ya bechi, hakuna tarehe. Ukiuliza, anakutumia picha ya mtungi wa lita 20 wenye jina la kampuni ya Ufaransa, na maneno yake ni yale yale kila mara: "Hapa unalipia maji, hulipii chupa." Maneno hayo yanaingia akilini haraka, maana Nairobi tumezoea kupima. Mafuta ya kupikia tunapima, maziwa ya ATM tunapima, sabuni ya maji na manukato pia. Lakini maziwa utayachemsha, na mafuta utayaweka motoni. Haya unayapaka kwenye kope usiku na kulala nayo.

Misela ni nini? Ni molekuli zenye upande mmoja unaopenda maji na mwingine unaopenda mafuta. Zikiwa majini hujikunja pamoja kama mpira mdogo sana, ule upande wa mafuta ukiwa ndani. Pamba ikigusa uso, mpira unafunguka na kuizoa faundesheni. Upole wake hautokani na muujiza. Unatokana na aina ya molekuli iliyochaguliwa na uchache wake. Kwenye chupa nyingi halisi utaiona imeandikwa "poloxamer 184", au jina refu linaloanza na PEG.

Sasa chukua maji, sabuni ya vyombo vijiko viwili na tone la waridi. Hayo pia yatatoa mekapu, tena vizuri sana! Ndiyo maana chini ya matangazo ya huyu muuzaji kuna sifa za kweli kutoka kwa watu wa kweli: wameandika siku ya kwanza. Sabuni ya vyombo haibagui kati ya faundesheni na mafuta ya ngozi yenyewe. Siku ya tatu au ya nne pembe za pua zinaanza kuchubuka, shavu linabana, na losheni uliyoizoea inaanza kuchoma. Wengi hapo huilaumu losheni.

Kubaya zaidi ni kwenye kihifadhi. Kitu chochote chenye maji mengi ni makao mazuri ya bakteria, kwa hiyo kiwandani hutiwa kihifadhi kwa kipimo kilichojaribiwa. Hata kama mtungi ule ni halali kabisa, mtu akiongeza lita moja ya maji ya bomba kwa kila lita moja, kihifadhi kinabaki nusu, na nusu ya kihifadhi mara nyingi haitoshi. Ongeza faneli isiyokauka na chupa zilizosuuzwa haraka haraka. Bakteria wa jamii ya Pseudomonas wanapenda mahali kama hapo, na jichoni wanaweza kuleta kidonda cha konea, ule utando wa mbele wa jicho. Kwa anayevaa lenzi hatari ni kubwa zaidi. Chupa iliyoharibika ina harufu kama ya kitambaa kilicholala na unyevu, au ukipitisha kidole ndani ya shingo yake unahisi utelezi. Lakini nyingine haina harufu wala ukungu.

Na ile orodha ya viungo iliyokosekana si urembo wa kibandiko. Mtu aliyepimwa mzio na daktari wa ngozi hutoka na majina mkononi, na kazi yake dukani ni kuyatafuta majina hayo. Mojawapo ya yanayosumbua sana ni "methylisothiazolinone", ambacho ni kihifadhi. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa mzio wa ngozi cha Marekani kilikitaja kuwa kizio, yaani kileta mzio, cha mwaka, na tangu 2017 Umoja wa Ulaya umekikataza katika vipodozi vinavyoachwa kwenye ngozi. Katika vitu vya kusuuzwa bado kinaruhusiwa kwa kiasi kidogo, na sabuni nyingi za vyombo zinacho. Umeona mtego ulipo? Anayeongeza sabuni ya vyombo kwenye maji ya misela anaweza kuwa amekirudisha kihifadhi hicho usoni kwa njia ya nyuma, na watu wengi hawasuuzi maji ya misela. Majina mengine ya kukagua ni "parfum", "linalool", "limonene", "DMDM hydantoin" na "quaternium-15".

Neno "haileti mzio" lisikutulize hata likiwa kwenye chupa halisi. Hata Marekani, mamlaka ya chakula na dawa inasema wazi kwamba hakuna kiwango cha kisheria kinacholifafanua neno hilo. Kampuni yoyote inaweza kulichapisha. Kinachokukinga ni orodha.

Wengine husema: nitajaribu kwanza kwenye mkono. Ni wazo zuri kwa bidhaa ya kiwandani. Paka mahali pamoja upande wa ndani wa kiwiko, mara mbili kwa siku, siku 7 hadi 10, kwa sababu mzio wa kugusa hauji papo hapo, huchukua siku moja hadi tatu na wakati mwingine zaidi. Kwa kitu cha kupima jaribio hilo halina maana. Chupa uliyoijaribu leo na ile utakayoletewa mwezi ujao hazikutoka kwenye mchanganyiko mmoja.

Kama tayari unayo chupa, kuna vipimo vya jikoni. Tikisa kwa sekunde kumi: kwa kawaida maji ya misela hutoa povu jepesi linalotulia upesi, ilhali povu zito linalokaa hadi dakika kumi ni la kutiliwa shaka. Dondosha tone nyuma ya mkono: likipoa kama barafu na kukauka kwa sekunde chache, kuna spiriti ndani. Kisha manjano. Koroga robo kijiko cha chai cha manjano ya unga kwenye kijiko kimoja cha maji, paka kwenye tishu nyeupe, acha ikauke, halafu weka tone. Tishu ikigeuka rangi ya matofali, hayo ni maji yenye alkali, yaani kuna sabuni ya kipande au kitu cha jamii yake. Ngozi ina pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ya karibu 5, sabuni ya kipande iko kati ya 9 na 10. Kumbuka tu kwamba sabuni nyingi za vyombo hazina alkali kubwa, kwa hiyo tishu ikibaki njano haijamsafisha muuzaji. Vipimo hivi vinaweza kuikataa chupa, haviwezi kuipitisha.

Atakuonyesha alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Alama ya ubora iliyo halali ina namba ya kibali chini yake. Tuma SM#, ikifuatwa na namba hiyo, kwa 20023, na usome jibu kwa makini: jina la kampuni na bidhaa vilingane na ulichoshika. Stika ya bidhaa za nje iliyo kwenye mtungi haihamii kwenye chupa zilizojazwa kutoka kwenye mtungi. Msimbopau nao hauthibitishi kitu, kwani kuunakili ni suala la kupiga picha.

Kuhusu malipo: anataka pesa kwanza, kwa namba ya mtu binafsi, na jina linalotokea kwenye M-Pesa halifanani na la ukurasa. Akiona unasitasita anasema boda ameshafika kwa mlango wake. Mwambie utalipa ukishaifungua na kuikagua. Anayeuza kitu halali atakubali au atakuelekeza dukani. Kama umeshatuma na umegundua mara moja, ipeleke ile meseji ya M-Pesa kwa 456 uombe irudishwe. Fanya hivyo upesi, kwa sababu pesa zikishatolewa kurudi kwake ni kwa bahati.

Kama tatizo ni bei, kuna njia rahisi na ya pole kuliko chupa yake. Nenda kemisti uulize mafuta ya mgando meupe yasiyo na manukato, au parafini ya maji ya kujipaka, ile ya dawa. Usichanganye na ya taa, na usinunue ya kupima. Mafuta ya watoto mengi yana manukato, soma nyuma. Nawa mikono. Chukua kiasi cha punje ya harage kwa uso mzima, yapashe joto kati ya vidole, na uyapitishe kwenye ngozi kavu kwa sekunde 40 hivi bila kusugua, mpaka faundesheni iteleze. Futa kwa kitambaa laini cha pamba kilicholowa maji vuguvugu, ukibonyeza na kuinua. Kisha nawa kwa kisafishaji kisicho na harufu, kiasi cha ncha ya kidole, suuza, kausha kwa kugusagusa, na upake losheni ngozi ingali na unyevu.

Macho yana utaratibu wake. Weka pamba duara yenye mafuta kidogo juu ya jicho lililofumbwa, hesabu hadi 30, ndipo uvute kuelekea chini, mara moja. Maskara isiyoingia maji ikigoma, rudia kwa pamba mpya. Pamba ya kunyofoa huacha nyuzi kwenye kope, iepuke. Kope za bandia zilegeze kwa mafuta kwenye mstari wa gundi kwa dakika moja kabla ya kuvuta kutoka pembe ya nje, na mwenye mzio wa mpira akague gundi yenyewe, nyingi zina lateksi. Na hata ukitumia maji ya misela halisi, yasuuze. Mabaki yake yakilala usoni usiku kucha huwasha ngozi dhaifu.

Aliyekwisha kupaka haya ya kupima na macho yanachoma: toa lenzi, mwagia macho maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Maumivu, ukungu wa macho au kuogopa mwanga vikibaki, ni hospitali siku hiyo hiyo. Vipele vya usoni usivitibu kwa krimu ya steroidi ya kuazima kwa jirani. Zile kali hukondesha ngozi ya kope na kuficha chanzo. Chupa usiitupe. Ifunge, iweke kwenye mfuko, piga picha kibandiko na meseji ya malipo, mpelekee daktari, kisha ripoti KEBS kwa 1545, simu ya bure.

Ukurasa wake hubadilisha jina kila unapoandamwa na malalamiko, kwa hiyo jina halitawasaidia. Tafuteni picha ya mtungi. Ni ile ile moja kila mahali: mtungi umewekwa juu ya stuli ya buluu, na kifuniko chake kimezungushiwa selotepu ya kahawia.