Mashine niliyoifunga mwenyewe nyumbani, na yule kijana wa dukani

Nimebadilisha mashine ya boti yangu mwenyewe, hapa nyumbani Tanga, chini ya mwembe. Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie.

Ni Yamaha ya nguvu za farasi 15, mtumba. Sifa zake sielezi, kila mvuvi wa huku anazijua. Ile ya zamani ilivunja konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, wakati wa kusi, tukarudi ufukwe wa Sahare kwa makasia, mikono imetoka malengelenge.

Dukani, jina silitaji, kijana aliifunga kwenye stendi akavuta kamba, ikawaka mvuto wa pili. Kisha akaanza kuipiga resi. Hakuna pipa, hakuna ndoo, hata tone la maji hakuna! Nikamwambia, "Kijana, iwekee maji kwanza, utaunguza impela." Hiyo ni feni ndogo ya mpira ndani ya pampu, inayovuta maji ya kupoza injini. Akaniangalia kuanzia kandambili hadi kofia. "Mzee, wewe kavue samaki. Mashine tuachie sisi." Wenzake wakacheka.

Nina zaidi ya miaka 20 baharini. Nilinyamaza kwa sababu nilibeba fedha za watu watatu na bei ilikuwa nzuri. Kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo.

Kuifunga si kazi ya kuogopa. Haifiki kilo 40, mimi na mwanangu tuliinyanyua, tukakaza skrubu kwenye ubao wa tezi, tukaifunga na kamba ya usalama. Boti ikiwa bado juu ya magogo, tukasogeza pipa la lita 200 mpaka maji yakafunika pampu. Petroli lita 20, oili mililita 400. Ikawaka vizuri mno, mwanangu akapiga kofi.

Mimi macho yangu yalikuwa ubavuni, pale maji yanapotakiwa kuruka. Hayakuruka. Nikahesabu mpaka kumi, nikazima. Nikagusa kichwa cha injini, joto lilishaanza kupanda.

Tukashusha mguu, ile sehemu ya chini ya mashine yenye propela, tukafungua pampu. Impela ilikuwa na mapezi matatu tu, matatu mengine hayapo. Yaliyobaki yamekakamaa kama soli iliyokaa juani, ncha zinang'aa kwa kuungua. Hapa wengi hukosea: wanatia impela mpya na kufunga. Vile vipande vilivyokatika vinapanda na maji na kuziba njia juu, na injini itachemka vilevile. Viwili nilivikuta kwenye kifuniko cha pampu. Cha tatu kilinipotezea mchana mzima. Nilikitoa ndani ya bomba la maji kwa spoku ya baiskeli niliyoikunja ncha, kidogo kama ukucha wa mtoto. Impela mpya nikaipaka grisi, nikaishusha taratibu huku nazungusha shafti kwa mwendo wa saa ili mapezi yalale upande wake.

Nikapiga simu dukani. Akapokea yuleyule. "Umeifungua mwenyewe? Kwani wewe fundi? Basi garantii imekufa." Akakata.

Nilikusudia kuandika: msinunue pale kabisa. Lakini haki nayo ina nafasi yake. Mashine ni nzima. Plagi zinaungua rangi ya kahawia, na maji sasa yanaruka kama uzi ulionyooshwa. Nimeshaenda nayo kisiwa cha Yambe na kurudi, haijakohoa. Na huenda ile impela ilikuwa imeshakauka kwa kukaa stoo, maana mpira ukikaa miaka huwa mgumu, kijana akaimalizia tu. Kwa bei ile sijui ningeipata wapi nyingine. Basi, anayetaka anunue, ila aende na pipa lake na asikubali iwashwe kavu.

Hapana. Nimesoma tena hapo juu na damu imenipanda. Wengi wakishafunga mashine huingia nayo majini moja kwa moja. Ningefanya hivyo, pistoni ingenata usiku kwenye mkondo wa Pemba, watu watatu ndani ya boti, mmoja wao mwanangu. Hilo siwezi kulipunguzia bei. Msiende pale.

Vile vipande vitatu nimevifunga kwenye kitambaa. Jumamosi nakwenda kumwekea juu ya kaunta, mbele ya hao wenzake waliocheka.