Kikrioli cha Kepuvede: Santiago au São Vicente?

Ukitaka kujifunza Kikrioli, lugha iliyozaliwa na mchanganyiko wa Kireno na lugha za Kiafrika katika visiwa vya Kepuvede (Cape Verde), anza na cha kisiwa cha Santiago. Huko ndiko wanakoishi zaidi ya nusu ya wananchi, na ndicho kikongwe: Wareno walianzisha makazi Ribeira Grande mwaka 1462, wakaleta watumwa kutoka pwani ya Afrika Magharibi. Irabu zake husikika vizuri, na alama ya wakati uliopita hubandikwa mwishoni mwa kitenzi: *N ta kanta*, huwa naimba, *N ta kantaba*, nilikuwa nikiimba.

Kisiwa cha São Vicente, kilichojaa watu karne ya 19 kwa sababu ya bandari ya makaa ya mawe ya Mindelo, husema *M ta kantá*, kisha *M tava ta kantá*. Mgeni hukwama kwenye irabu zisizo na mkazo, maana humezwa. Ila kama unachotaka ni morna, nyimbo za huzuni za Kepuvede, za mwimbaji Cesária Évora, vumilia hiki cha pili.