Sala ya mstarini au kipindi cha dini?

Nimesomesha watoto katika shule mbili za serikali hapa Mwanza, moja Igogo, nyingine Kirumba. Kila moja na utaratibu wake.

Ya Igogo ilikuwa na sala mstarini. Kengele inalia, mwanafunzi wa zamu anaomba kwa sauti, wote wanaitikia amina. Dakika moja, kwisha. Haihitaji chumba wala mwalimu. Ila maneno ni ya nani? Binti yangu alifumba macho kama wenzake huku kimoyomoyo akisoma Fatiha. Angeweza kunyamaza, ndiyo, lakini mtoto wa darasa la tatu anaogopa kunyooshewa kidole.

Kirumba wana kipindi cha dini. Wakatoliki na katekista wao, Waislamu na ustadhi, Wasabato chini ya mwembe maana madarasa yamejaa. Kelele tele, na ustadhi asipofika watoto wanaishia kuteleza kwenye mawe. Hata hivyo hakuna anayenong'ona dini yake.

Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema kutangaza dini na kufanya ibada ni jambo huru, la hiari ya mtu. Marekani nako, mwaka 1962, Mahakama ya Juu ilizuia sala iliyotungwa na maofisa wa serikali kusomwa shuleni, japo mtoto aliruhusiwa kukaa kimya. Kujiombea mwenyewe hakukukatazwa.

Mimi nipo na Kirumba, fujo na yote. Ustadhi tumeanza kumchangia nauli ya daladala.