TAHADHARI: Kuna matapeli wanauza meza za maonyesho ambayo hayapo

Jamani wenzangu mnaouza vitu vya kutengeneza kwa mkono, someni hii kabla hamjatuma hela ya meza, yaani nafasi ya kuuzia kwenye maonyesho, kwa mtu yeyote. Mimi natengeneza hereni na bangili za shanga, na wiki iliyopita nimefika ukumbini alfajiri na mabegi yangu mawili nakuta geti limefungwa, mlinzi ananiambia leo hapa hakuna soko wala maonyesho. Na sikuwa peke yangu, tulisimama pale watu kumi na kitu, kuna dada kaja na vyungu vyake kavifunga kwenye mablanketi visivunjike, kuna baba na mwanae wamebeba vigoda vya mbao, wote tumelipa, wote tuna risiti kwenye simu. Namba ya mwandaaji haipatikani, peji imeshafutwa.

Walivyofanya ni hivi. Bango lilikuwa zuri, meza zimepangwa, watu wamejaa, na jina la ukumbi ni la kweli kabisa, ila wenye ukumbi hawana habari. Baadaye ndo nikaiweka ile picha kwenye Google ya kutafuta kwa picha, ikaonekana ni ya maonyesho mengine ya zamani huko, wameiba tu. Komenti kwenye peji walikuwa wamezifunga, nikaona kawaida. Nilivyoandika inbox nikajibiwa hapo hapo, nafasi zimebaki tatu lipia leo usije ukakosa, halafu ikaja namba ya mtu binafsi na jina ambalo halifanani na la maonyesho wala la huyo niliyekuwa nachati naye. Nilipouliza akasema ni mhasibu wao. Nikatuma.

Kinachoniuma mpaka sasa ni kwamba hakuniuliza natengeneza nini! Na mimi sio mgeni kwenye hizi kazi. Mwandaaji wa kweli anataka kuona picha za kazi zako kwanza, maana hawezi kujaza wauza hereni ishirini na mfinyanzi mmoja, hakuna atakayeuza siku hiyo. Atakuuliza unahitaji umeme, meza unakuja nayo au unatumia ya kwake, mzigo unashusha saa ngapi, na masharti unapewa kwa maandishi, mvua ikinyesha inakuwaje, ukijitoa mapema hela inarudi au hairudi. Huyu wangu swali lake lilikuwa moja, "umeshatuma?"

Kwa hiyo tafadhali, pigia ukumbi wenyewe, na namba uitafute mwenyewe, usitumie ile aliyokupa yeye maana anaweza kukupa ya mwenzake akajifanya meneja. Uliza tarehe ile imekodiwa na nani. Halafu omba majina ya wauzaji wawili watatu waliokaa maonyesho yaliyopita uwatafute uongee nao, mwandaaji mzuri hawezi kuchukia kuulizwa. Na kwenye kulipa angalia njia, kwa mfano PayPal ukilipa kwa ile ya marafiki na familia huna ule ulinzi wa mnunuzi, yaani wa kudai hela irudi ukitapeliwa, tapeli analijua hilo ndo maana anakuomba ulipe hivyo "kukwepa makato". Akikomalia hiyo njia tu, achana naye.

Hao hao wana mchezo mwingine wa oda kubwa. Mteja humjui, anaagiza vitu vingi bila kuuliza rangi wala saizi, analipa kwa hundi iliyozidi bei, eti kiasi kilichozidi umtumie msafirishaji wake. Hundi unaweza kuona imeingia kwenye akaunti yako, zinapita siku au hata wiki benki wanagundua ni feki wanaitoa, na ile hela uliyomtumia msafirishaji imeshaondoka, hasara ni yako. Pale mezani nako ukionyeshwa skrinshoti ya malipo usifungashe mzigo, fungua simu yako mwenyewe uangalie salio, hata kama foleni ni ndefu, atasubiri.

Kama umeshapigwa, usimtukane kwanza. Piga skrinshoti za chati zote, bango, namba, risiti, kabla hajakubloku maana akifuta peji hubaki na kitu cha kuonyesha polisi. Hapo hapo piga benki au kampuni ya simu uliyotumia waambie wazuie muamala, ukichelewa hata masaa machache anakuwa ameshatoa zote. Na wenye ukumbi waambie pia, wa kwetu walikuwa hawajui jina lao linatumika na sasa wamebandika tangazo getini.

Mwisho, tangu jana nimeanza kupata meseji za watu wanasema wao ni wataalamu wa kurudisha hela zilizoibiwa mtandaoni, nilipe ada kidogo tu waanze kazi. Msiwatumie kitu, huo ni utapeli wa pili juu ya ule wa kwanza. Sisi wa pale getini tumeshaunda grupu tunakusanya risiti tupeleke polisi pamoja, kama na wewe ulilipia meza hizo njoo inbox nikuunge.