Soksi za kubana, usiku wa saa kumi na tano, na miguu ya mamangu

Mamangu ana miaka 67, na presha anayo. Mara ya kwanza alipokwenda kwa dada yangu New Jersey alipitia Ghuba. Alivua viatu ndani ya ndege, akalala kwa kukaa, kisha akakaa tena saa sita kwenye viti vya uwanja akingoja ndege ya pili. Alipofika, viatu havikuingia. Dada alinitumia picha ya ile miguu: imefura hadi vifundo vimepotea, ngozi inang'aa kama biringani. Alitoka uwanjani amevaa ndara, na miguu ilichukua siku tatu kurudi kama ilivyokuwa. Picha ile haikunitoka.

Basi Novemba iliyopita dada alipojifungua, na mama akahitajika kwenda kumlea mzazi, nikasema safari hii nafuatana naye mimi mwenyewe, na jambo la kwanza ni miguu. Mto wa shingo, kitambaa cha macho, vizibo vya masikio, hayo yote baadaye. Ninachotaka kueleza hapa ni soksi za kubana, zile ndefu zinazoishia chini ya goti, kwa sababu tumezijaribu kwenye safari ndefu kuliko zote zinazotoka kwetu bila kutua njiani: Nairobi hadi New York, ile iliyoanzishwa na Kenya Airways Oktoba 2018.

Kwanza tulikosea kununua. Duka la dawa la kwanza, muuzaji alimtazama mama miguu kwa macho tu akasema, "Mama, hii saizi ya kati inakutosha." Tulipofika nyumbani mama akazivaa saa mbili, na alipozivua palikuwa na mstari mwekundu chini ya goti kama mtu aliyefungwa kamba. Nilirudi nazo, nikaambiwa pakiti imeshafunguliwa, hairudi. Pesa zikapotea. Iliniuma, kwa sababu soksi yenye saizi mbaya ni hatari kuliko kukosa soksi: ikibana juu kuliko chini inazuia damu ile ile tunayotaka ipande.

Duka la pili walitwambia tuje asubuhi mapema, kabla miguu haijafura. Binti wa pale alimwamkia mama, akamkalisha, akatoa futi ya fundi cherehani, akapima kifundo mahali pembamba kabisa na shavu la mguu mahali panene kabisa, halafu akalinganisha na jedwali lililo nyuma ya pakiti. Akatupa zenye nguvu ya milimita 15 hadi 20 za zebaki, ndicho kipimo cha mbano wa soksi, inayotosha kwa msafiri. Shilingi 2,800. Lakini hakukubali tuondoke kabla ya kutuuliza kama mama ana sukari au maumivu ya miguu anapotembea, na akasisitiza tumwone daktari wake kwanza. Daktari alimgusa mama mapigo ya damu juu ya unyayo, mguu mmoja baada ya mwingine, ndipo akaruhusu. Alitueleza kwamba mwenye mishipa iliyoziba, au mwenye sukari iliyokwisha kufisha hisia za miguu, asijivalie soksi hizi bila kupimwa. Nawasihi msiruke hatua hiyo mnapowanunulia wazee.

Zinavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Zinabana zaidi kwenye kifundo na kulegea kidogo kidogo kuelekea goti, hivyo damu na maji yanayotuama chini yanasukumwa juu. Ukitembea, misuli ya shavu la mguu hufanya kazi hiyo yenyewe. Ukikaa umekunja magoti usiku kucha, misuli imelala na damu inajikusanya. Mara chache inaganda. Utafiti uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 ulionyesha kwamba safari ya saa nne au zaidi huongeza hatari ya damu kuganda karibu mara mbili, ingawa kwa mtu mzima wa afya bado ni kama mmoja kati ya 6,000. Ni hatari ndogo, ila mama mwenye miaka 67 na saa kumi na tano za kukaa, mimi sikutaka kubahatisha.

Tulivaa alfajiri, Mombasa, kabla ya kupanda treni ya asubuhi. Hili ndilo kosa wanalofanya wengi: wanazivaa uwanja wa ndege, jioni, mguu umeshafura kwa kukaa kwenye gari au treni siku nzima. Tuliposhuka Syokimau, kituo cha treni cha Nairobi, tulikwenda kwa jamaa anayekaa jirani na hapo, mama akazivua, akalala chali na miguu imeegemea ukuta kama nusu saa, akaswali, akala wali kidogo, kisha akazivaa upya.

Ndege inaondoka karibu na saa sita usiku. Ni Dreamliner, yaani Boeing 787, na kuna jambo moja kuhusu ndege hii ambalo mzee anapaswa kujua. Hewa ya ndani inashindiliwa iwe kama ya mahali palipo mita 1,800 hivi juu ya bahari, wakati ndege nyingi za zamani hufikia kama 2,400. Nairobi yenyewe uwanja uko zaidi ya mita 1,600. Kwa hiyo mtu wa Nairobi ni kama hajaondoka kwao, na hata sisi wa pwani tuliiona tofauti: mama hakulalamika kichwa kama safari ile. Madirisha hayana pazia la kushusha, unabonyeza kitufe kioo kinaingia giza polepole. Mama alikibonyeza mara nyingi.

Kuhusu usingizi, tulichokifanya ni hiki. Ukielekea magharibi unakwenda na usiku. Tulipita Sahara gizani, tukaingia Atlantiki gizani, na saa ya Nairobi ilipofika saa tatu asubuhi, mwili umeamka na unataka chai, nje bado ni giza tupu na New York ni saa saba usiku. Anayejua hivyo mapema hahangaiki. Tulikula Syokimau ili tusingoje chakula cha ndege, tukalala mara taa zilipozimwa. Mama aliviringisha leso yake moja nyuma ya kiuno na nyingine akajifunika. Mto wa shingo nilioununua mimi ulibaki mkobani. Alilala kama saa tano. Akaamka, akala tende na maji, tukatembea hadi nyuma ya ndege na kurudi, halafu akapata usingizi wa pili wa saa mbili. Chai alisema ataionja kwa binti yake, na nilishukuru, maana hewa ya ndani inakausha koo na chai ya usiku ingemwondolea usingizi. Nilikuwa nimepita ukaguzi na chupa mbili tupu, nikazijaza maji upande wa pili.

Soksi peke yake haitoshi, mguu lazima uchezwe. Nilimwambia mama azungushe vifundo kila saa, na yeye mwenyewe akapata njia yake: alitoa tasbihi, na kila punje akazungusha unyayo mara moja, thelathini na tatu mguu wa kulia, thelathini na tatu wa kushoto. Nilikuwa nikizinduka gizani naona leso inacheza pale miguuni, na vidole vyake vinapita kwenye punje taratibu. Hapo nilitulia moyo.

Shida ilikuja kwenye udhu. Mama hakubali kupangusa maji juu ya soksi nyepesi, ndivyo alivyofundishwa na wazee wake, na mimi siwezi kumbishia. Magharibi na Isha alikwisha kuziswali Nairobi, lakini Alfajiri ingetukuta angani, na ilitukuta: kama saa moja kabla ya kutua, weupe ulianza kuonekana upande wa nyuma wa ndege, ukitufuata. Tukaingia chooni wote wawili. Alikaa juu ya kifuniko, nikamvua soksi, akaosha miguu mmoja mmoja kwa maji ya kiganja kutoka beseni dogo lile. Kumvisha tena ndiyo kazi. Soksi hizi hazipandi kwenye ngozi yenye maji hata kidogo. Nilimfuta kwa leso katikati ya vidole, nikampaka poda kidogo ya watoto, nikageuza soksi nje ndani hadi kwenye kisigino, nikaingiza vidole, nikaweka kisigino mahali pake, ndipo nikaikunjua kupanda juu kwa viganja. Ukiivuta kwa kucha inatoboka. Na ukiona imezidi juu usiikunje, maana mkunjo mmoja chini ya goti unabana mara mbili. Tulitumia robo saa nzima. Mhudumu mmoja alitugongea akauliza, "Mama yuko sawa?" Nilipomweleza akasimama mlangoni akawazuia wengine hadi tukamaliza. Mungu amlipe.

Tulipotua aliinama mwenyewe, akaingiza mguu kwenye kiatu, ukaingia. Wa pili ukaingia. Akafunga kishikizo kwenye tundu lile lile alilofungia Mombasa. Foleni ya uhamiaji alisimama kwa miguu yake, na alipomwona dada yangu alinyanyua buibui kidogo kumwonyesha vifundo.

Nazipa soksi hizi nne kati ya tano. Nyota moja nimeipunguza kwa ule ugumu wa kuvaa, ambao mzee anayesafiri peke yake hawezi kuumudu ndani ya choo cha ndege, na kwa joto: Mombasa hata alfajiri zilimtoa jasho. Zipo zenye vidole wazi, na safari ijayo nitajaribu hizo, angalau zinapoa. Kwa anayerudi, ndege inatoka New York mchana na safari ni fupi kidogo, karibu saa kumi na nne. Mama atarudi peke yake baada ya arubaini, kwa hiyo dada anamfundisha kujivalisha akiwa amekaa kitandani, kila asubuhi, na jozi nimemwachia mbili. Zifuliwe kwa mkono, maji ya vuguvugu, zianikwe kivulini zikiwa zimelazwa, zisipigwe pasi.