Nyaraka za Taifa, Kilimani, kwa Anayemtafuta Babu wa Karne ya 19

Kwa yeyote ambaye babu zake walilima karafuu Unguja enzi za Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, Nyaraka za Taifa zilizopo Kilimani, Zanzibar, ni mahali pa kwanza pa kwenda. Hazina yenyewe, kwa maoni yangu, ni hati za Kiarabu za mauziano na rehani za mashamba, kwani mwandishi alitaja jina la mwenye shamba na la baba yake, pengine na kabila, kisha akaeleza mipaka upande kwa upande huku akiwataja majirani. Hati ya babu yetu niliyosomewa ilikuwa ya bei ya khiyari, yaani mauzo yenye haki ya kukomboa. Kumbe mzee ambaye ukoo mzima ulisema aliuza shamba, alilikopea fedha tu. Nilifarijika sana.

Tarehe ni za Hijria: mwaka 1290, kwa mfano, ulianza Machi 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa. Wenye asili ya waliofanywa watumwa nao watafute kumbukumbu za waliopata uhuru baada ya amri ya 1897 ya kukomesha utumwa, ingawa majina humo huwa mafupi na masimulizi ya wazee huhitajika zaidi.

Asiyesoma Kiarabu cha mkono aandamane na anayekisoma, na kabla ya kuondoka nyumbani awaulize wazee majina ya mashamba, si ya watu peke yake.