Ndimu ya unga kwa ukoko wa chokaa chooni: kipimo chake na pale inaposhindwa

Ukoko unaoshika kwenye sinki la choo hapa Unguja, uwe mweupe, wa manjano au wa kahawia, si uchafu. Ni jiwe. Maji ya visima vyetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Maji hayo yakitulia chooni na kukauka pembeni, chokaa inabaki na kugeuka jiwe tena. Wanaoishi nchi ya maweni, Makunduchi, Jambiani, Paje, wanaujua zaidi, kwani birika zao za chai nazo hufanya magamba.

Ndiyo maana Jiki haisaidii. Inaua vijidudu na inafifisha rangi, lakini chokaa haiigusi. Ukoko unakuwa mweupe, mtu anadhani umetoka, na baada ya siku chache unashika manjano upya. Chokaa huliwa na asidi, na kati ya asidi zote zinazopatikana madukani, ya kununua kwanza ni ndimu ya unga, hiihii ya kutilia achari. Maduka ya viungo Darajani wanayo, na si tabu kuipata Chake Chake wala Wete. Nunua ya kupima kwa uzito. Vipakti vya gramu chache vya jikoni havitoshi choo.

Tuilinganishe na wenzake. Gramu 100 za ndimu ya unga zinaweza, kwa hesabu ya karatasi, kuyeyusha gramu 78 hivi za chokaa. Nusu lita ya dawa ya choo yenye asidi hidrokloriki ya asilimia 10 inafika kwenye 68 (soma lebo, maana dawa nyingine za rangi ya kupendeza ni sabuni na manukato tu, asidi haimo). Lita nzima ya siki ya asilimia 5 haivuki 42, na inakuachia nyumba inanuka kachumbari. Dawa ya chupa inaizidi ndimu kwa mambo mawili: inafanya kazi kwa dakika 20 au 30, na ni nzito, hivyo inanata chini ya ukingo ambako maji ya ndimu yangechuruzika tu. Mwenye wageni wanaofika leo jioni anunue chupa. Mwenye usiku mmoja wa kusubiri achukue ndimu.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni maji yaliyomo sinkini. Ukimwaga asidi juu ya lita mbili za maji umeshaipunguza nguvu kabla haijagusa jiwe. Kwa hiyo funga koki ya tangi, flashi, kisha mimina ndoo ya lita 10 kwa mkupuo ili maji yasukumwe yapite shingo. Yanayobaki yateke kwa kopo, umalizie kwa sponji mpaka mstari wa ukoko uonekane mkavu.

Koroga gramu 150 za ndimu kwenye lita moja na nusu ya maji, nusu yaliyochemka na nusu ya bombani. Yaliyochemka matupu usiyamimine, sinki linaweza kupasuka. Ukoko ukiwa juu zaidi ya yanapofika maji hayo, ongeza mchanganyiko kwa kipimo kilekile, usiongeze maji peke yake. Kwa pembeni na chini ya ukingo, lowesha karatasi za chooni kwenye mchanganyiko, uzibandike tabaka mbili tatu zishike. Vaa glavu. Fanya kazi hii baada ya Isha, choo kisitumike mpaka asubuhi. Muda wa saa nane ndio unaolipa.

Povu dogo likianza ni dalili njema. Likikoma baada ya saa moja na ukoko bado mnene, chukua kijiti uukwaruze kidogo. Ndimu ikila chokaa huacha tope jeupe lisiloyeyuka vizuri, na tope hilo likilala juu ya jiwe huizuia asidi kufika chini. Asubuhi toa karatasi, zitupe kwenye taka badala ya kuziflashi zote kwa pamoja, hasa kama choo kinaingia kwenye karo lenye bomba jembamba. Sugua kwa brashi ngumu, flashi, tazama. Ukoko wa unene wa kucha hutoka usiku mmoja. Uliozidi milimita mbili utahitaji kurudiwa, na si dosari ya ndimu; ni hesabu ileile ya gramu.

Sasa hatari. Asidi ya aina yoyote, hata ndimu na siki, ikikutana na Jiki hutoa gesi ya klorini, na vyoo vingi vya Mji Mkongwe vina kidirisha kimoja tu kinachotazama uchochoroni. Sinki lililotiwa Jiki liflashiwe mara mbili tatu kwanza, na siku hiyo liachwe. Pia angalia matone: asidi inakula terazo, saruji ya katikati ya vigae na kuta za chokaa kama inavyokula ukoko, maana ni kitu kilekile. Weka kitambaa chenye maji karibu ufute papo hapo.

Asidi ya betri isifikiriwe kabisa. Mbali na kuunguza mikono na macho, ikigusa chokaa hutengeneza jasi, ambayo karibu haiyeyuki, na jasi hiyo huufunika ukoko wote. Unaishia na ukoko mgumu kuutoa kuliko uliokuwa nao. Kuchanganya siki na magadi nako ni kupoteza vyote viwili. Povu ni kubwa, lakini asidi imeshamalizana na magadi.

Michirizi ya kahawia nyekundu chini ya tundu la maji mara nyingi ni kutu ya mabomba ya chuma. Hapo ndimu inaishinda siki kwa mbali, kwa kuwa inalishika chuma na kulitoa, ila polepole. Jiki huzidi kuikoleza kutu.

Doa likibaki, dondoshea siki. Likitoa vipovu, bado ni chokaa, rudia. Lisipotoa, pengine kinachoonekana si ukoko tena, ni mng'aro wa sinki ulioliwa na brashi ya waya au mchanga wa zamani, dawa haiurudishi. Jiwe la kusugulia miguu linaweza kumalizia mabaki, mradi ni jiwe la volkano la kweli, limelowana, na sinki ni jeupe la kauri. Yale ya kutengenezwa kwa saruji na mchanga yanachora, na kila mchoro ni mahali papya pa chokaa kushika.

Kabla ya kununua chochote, kagua tangi. Mimina kikombe cha kahawa chungu ndani yake, usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikitokea sinkini, mpira wa chini unavuja, na uzi huo mwembamba wa maji ndio unaojenga mstari wa jiwe mchana na usiku. Mpira ni kazi ndogo kwa fundi bomba. Ukishabadilishwa, gramu 50 za ndimu zilizolazwa sinkini kila wiki mbili zinatosha, na wakati wa masika, anayekinga maji ya paa ayatumie kuflashi kwa ndoo, kwani hayana chokaa.